Shauri na Amri: Historia ya Vitabu vya Mashauri katika Kitale na Bungoma

1. Utangulizi

Iko aina moja ya vitabu vya Kiswahili ambayo wataalamu wa fasihi aghalabu huipita kama mpita njia apitavyo jiwe. Hivi ni vitabu vya mashauri: kile kinachomfundisha kijana namna ya kujitunza nafsi, kile kinachomweleza mkulima namna ya kuhifadhi udongo, na kile kinachomwonya mwenye duka asipunje mizani. Mhakiki wa riwaya huviona si sanaa, na mwanaisimu huviona havina data ya kutosha. Mwanahistoria naye huvitumia kama ushahidi wa jambo jingine, kisha huviacha. Hata hivyo vitabu hivi ndivyo vilivyosomwa na watu wengi ambao hawakupata kamwe kuisoma riwaya.

Makala haya yanakusudia kueleza historia ya mashauri hayo katika sehemu mbili zilizopakana magharibi ya Kenya, yaani Kitale na Bungoma. Tumezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, historia zake ni tofauti ingawa ni majirani. Kitale ulikuwa mji wa masetla waliogawiwa ardhi ya Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na reli iliufikia mwaka wa 1926. Bungoma ilikuwa ndani ya eneo walilotengewa Waafrika. Pili, sehemu zote mbili si za Waswahili wa asili. Huko husemwa Lubukusu, Kisabaot, Kiteso na lugha nyingine kadha, na Kiswahili kimekuwa lugha ya kituo cha reli, ya soko, ya shule na ya ofisi. Kwa hiyo shauri lililoandikwa kwa Kiswahili lilipofika huko lilikutana na watu ambao tayari walikuwa na njia zao wenyewe za kushauriana.

Dai letu ni hili: shauri lilikubaliwa pale lilipomwachia msikilizaji nafasi ya kupima na kujibu, na lilikataliwa pale lilipogeuka amri. Tofauti hiyo si ya siasa peke yake, bali imo pia katika sarufi, na kwa sababu hiyo yatuhusu sisi wa idara za lugha.

2. Neno lenyewe na mashauri ya kale

Neno shauri, ambalo ni la ukoo mmoja na shura ya Kiarabu, lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili. Ni nasaha apewayo mtu. Ni jambo linalozungumzwa na wengi mpaka likatatuliwa. Na tena ni kesi barazani. Mtu akiambiwa "shauri yako," maana yake ni kwamba uamuzi na matokeo yake ni juu yake mwenyewe. Katika maana hizi zote hakuna iliyo sawa na amri. Hata nasaha kali kabisa, madhali ni shauri, humwacha mwenye kushauriwa na hiari yake.

Mfano ulio mashuhuri kupita yote pwani ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858 na Mwana Kupona binti Msham kwa ajili ya binti yake. Mama mgonjwa anamwita mwanawe aje karibu na wino na karatasi, kisha anamwachia wasia juu ya dini, adabu, nyumba na watu. Wasomaji wa leo hubishana nao, hasa juu ya nafasi ya mke mbele ya mumewe, na wana haki ya kubishana. Lakini umbo lake ladumu: asemaye anajulikana, asemeshwaye anajulikana, na kinachowaunganisha ni mapenzi. Shaaban Robert aliifuata njia hiyo hiyo alipomtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume Utenzi wa Adili.

Bungoma haikuungoja utenzi wa pwani ili ipate mashauri. Wabukusu wanayo kumuse, hotuba itolewayo hadharani baada ya maziko ya mzee mwenye kuheshimiwa. Msemaji wake hutoka katika koo maalumu. Hutembea huku na huko katika uwanja akiwa na fimbo, akieleza chimbuko la watu na koo, akiwafariji wafiwa, na akiwaonya walio hai juu ya ugomvi, uvivu na choyo. Wasikilizaji huketi, wala hawamkatizi. Jibu lao huja baadaye, majumbani, katika kuyajadili aliyoyasema.

Mwana Kupona na msemaji wa kumuse wametengana kwa dini, lugha na mwendo wa mamia ya maili. Hata hivyo wanakubaliana katika jambo moja ambalo vitabu vya baadaye vililisahau. Hawakuyatenga maisha katika mafungu, hili la nafsi, hili la shamba na hili la mali. Mtu mwema kwao ni yule yule nyumbani, kondeni na sokoni.

3. Amri iliyojiita shauri

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na mengi ya kuwashauri wakulima. Ilitaka udongo uhifadhiwe, magugu yang'olewe, mifugo ipunguzwe. Baadhi ya mafundisho hayo yalikuwa sahihi kwa kipimo cha sayansi. Kasoro ilikuwa katika njia yaliyoletwa.

Katika miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, wakulima wa Kimilili, kaskazini ya Bungoma, waliamriwa kung'oa gugu lenye harufu kali liitwalo na wataalamu Tagetes minuta, ambalo asili yake ni Amerika ya Kusini. Waliona kuwa gugu hilo limeletwa na wageni, na sasa wageni hao hao wanawatoza jasho kuling'oa. Elijah Masinde, mchezaji hodari wa kandanda ambaye alikuwa kiongozi wa Dini ya Msambwa, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Mwaka wa 1945 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi. Mwaka wa 1948, baada ya polisi kuwafyatulia risasi na kuwaua watu huko Malakisi, alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, katika visiwa vile vile ambavyo Mwana Kupona aliviachia utendi wake.

Twalitaja tukio hili si kwa ajili ya historia ya siasa, ambayo imekwisha kuandikwa na wengine, bali kwa sababu lilimfundisha msomaji wa Bungoma kusoma kwa tahadhari. Tangu hapo, kila karatasi iliyosema "kwa faida ya ardhi yako" iliulizwa kwanza: ni nani asemaye, na ardhi ni ya nani? Swali hilo lilikuwa na uzito zaidi kwa sababu ng'ambo ya pili ya mpaka, katika Trans Nzoia, Wabukusu wengi waliishi kama maskwota na vibarua katika mashamba ya masetla. Kumhubiria skwota utunzaji wa udongo asiokuwa na haki nao ni kazi isiyo na matunda.

4. Idara ya vitabu na sarufi ya nasaha

Mara baada ya vita, Elspeth Huxley aliombwa atoe mapendekezo juu ya maandishi ya kusomwa na Waafrika. Matokeo yake yalikuwa kuundwa kwa East African Literature Bureau mwaka wa 1948, chini ya uongozi wa Charles Granston Richards. Kazi za idara hiyo zilikuwa kutoa vitabu vya shule na vya wasomaji kwa jumla, kuwasaidia waandishi, kutoa magazeti, na kuanzisha maktaba. Kwa kuwa miji ya bara ilikuwa haina maktaba za kumfaa Mwafrika, vitabu vilisafirishwa katika masanduku hadi vituo mbalimbali, na wengine walivipokea na kuvirudisha kwa posta. Baada ya uhuru kazi ya maktaba ilichukuliwa na shirika la maktaba la taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 1965. Na Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, kazi ya uchapishaji nchini Kenya ilirithiwa na Kenya Literature Bureau.

Idara hiyo ilitoa vitabu vya desturi na masimulizi, na pamoja navyo vijitabu vya ukulima, afya, ushirika na uraia. Hapa ndipo nathari ya maelezo ya Kiswahili ilipokomazwa. Mwandishi alihitaji kueleza jinsi maji yachukuavyo udongo, au jinsi ya kuandika daftari la mapato na matumizi, kwa msomaji aliyejifunza Kiswahili darasani tu. Hakuweza kujificha nyuma ya methali wala vina.

Tatizo lake kubwa lilikuwa la kitenzi. Tuchukue fundisho moja la kuhifadhi udongo, tuliseme kwa njia nne, kwa mifano tuliyoitunga wenyewe:

(a) Chimba mtaro.
(b) Uchimbe mtaro.
(c) Yafaa mtaro uchimbwe kabla ya mvua za Machi, kwa kuwa maji ya kwanza ndiyo yachukuayo udongo mwingi.
(d) Wakulima wa mteremkoni huchimba mtaro kabla ya mvua.

Sentensi ya kwanza ni amri tupu. Ya pili imelainishwa, lakini mwenye mamlaka bado yupo. Katika ya tatu, mwenye mamlaka ametoweka na mahali pake pamekaliwa na sababu. Msomaji aweza kuipima sababu hiyo kwa macho yake mvua inyeshapo. Ya nne haimwambii msomaji afanye lolote, bali yamwonyesha jamii ya watu ambayo aweza kujiunga nayo. Kiswahili, basi, kina ngazi nzima kutoka amri hadi ushuhuda, na mwandishi wa kijitabu huchagua daraja, ajue asijue. Katika mahali kama Kimilili, daraja la kwanza lilikuwa limekwisha kuchafuliwa. Aliyetaka kusikilizwa alipaswa kuandika kwa daraja la tatu au la nne.

Haya ni maarifa ya lugha kamili. Ni ajabu kwamba katika mafunzo ya dhamira za vitenzi tumezoea kutoa mifano ya Juma na mpira, hali vijitabu hivi vimejaa mifano iliyowahi kuamua iwapo shamba litachimbwa au halitachimbwa.

5. Mbegu, kipimo na daftari

Mwaka wa 1964 kituo cha utafiti wa kilimo cha Kitale kilitoa mahindi chotara yaliyojulikana kwa namba 611, yaliyopatikana kwa kuzalisha mbegu ya Kitale pamoja na mbegu iliyotoka Ecuador. Kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa Kitale mwaka wa 1956, iliyasambaza. Mavuno yaliongezeka sana, na wakulima wadogo wakayapokea upesi. Lakini mahindi chotara yana sharti moja: mbegu iliyochaguliwa kutoka katika mavuno haizai vema kama mama yake, hivyo mkulima hununua upya kila mwaka. Kwa njia hiyo mkulima aliyekuwa akirithi mbegu sasa akawa mnunuzi, na mnunuzi hana budi kusoma: aina ya mbegu, nafasi baina ya mashimo, kiasi cha mbolea, na muhuri wa kuthibitisha kwamba aliyoinunua si bandia.

Bungoma nako, kampuni ya sukari ya Nzoia iliundwa mwaka wa 1975 na kuanza kusaga miwa mwaka wa 1978, ikiwategemea wakulima wa nje kuipatia sehemu kubwa ya miwa yake kwa mkataba. Hapa kusoma kulipata uzito mwingine. Mkataba ni maandishi yasiyo na huruma: makato yaliyomo hutozwa, yasomwe yasisomwe. Hakuna kitabu cha maadili ya biashara kinachoweza kuchukua nafasi ya mkataba ulioandikwa kwa lugha ambayo mtia sahihi anaielewa.

Sokoni mambo yalikuwa ya kiasi kidogo zaidi, lakini si ya heshima ndogo. Kipimo cha nafaka katika masoko ya magharibi ya Kenya ni gorogoro, kopo lenye kuchukua kama kilo mbili. Kopo likibonyezwa kitako, mwenye kununua hupunjwa pasipo neno kusemwa. Kila mama anunuaye unga wa wiki hupitisha kidole ndani ya kopo kabla ya kulipa. Hadithi za mizani ni za kale kuliko vitabu, na methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari imefundisha uhasibu kuliko vyuo vingi.

Historia ya neno bepari yatufaa hapa. Neno hili liliingia Kiswahili kutoka Kigujarati, likiwa na maana ya mfanyabiashara tu. Mwaka wa 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Julius Nyerere alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare juu ya mfanyabiashara wa Venice, akaiita Mabepari wa Venisi. Kufikia wakati huo neno lilikuwa limekwisha kubeba lawama ya unyonyaji. Wenye maduka wa Kitale na Bungoma, Wahindi kwa Waafrika, hawakuwa na azimio la kuwahukumu, lakini walihukumiwa kila siku kwa kitako cha gorogoro. Lugha yenyewe ilikuwa imeliuliza swali la biashara na haki kabla ya wataalamu wa uchumi kulifikia.

6. Wasomaji waliopanda miti

Mwaka wa 1844, wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka la ushirika kwa nia ya kuuza bidhaa safi kwa kipimo kamili. Baadaye walitenga 2.5 katika kila mia ya ziada yao kwa ajili ya elimu, wakawa na chumba cha kusomea. Kwao mizani ya haki na kitabu vilikuwa chini ya paa moja. Wazo hilo lilisambaa Ulaya. Nchini Uswidi vyama vya ushirika viliungana mwaka wa 1899, na tangu mwaka wa 1913 vikawa na gazeti lao, ambalo mwaka wa 1937 lilipewa jina la Vi. Kwa Kiswidi neno hilo maana yake ni "sisi".

Mwaka wa 1983 wasomaji wa gazeti hilo walichanga fedha za kupanda miti katika Pokot Magharibi, kaskazini ya Kitale. Shirika la Vi Agroforestry, lililozaliwa na mchango huo, lilifanya kazi zake likiwa na kituo Kitale. Mwaka wa 1987 lilianza kazi huko Chepareria, ambako wenyeji walizungushia ardhi iliyochakaa ua wa mimea ili nyasi zipate kurudi. Kadiri miaka ilivyopita, kazi ya shirika ilielekea zaidi kwenye kumshauri mkulima apande miti shambani mwake mwenyewe. Huko ni kutoka mche kwenda neno, na kutoka "tumekupandia" kwenda "hupandwa hivi".

Mwaka wa 1984, mwaka wa ukame mkubwa nchini, kituo cha kilimo cha Manor House kilianzishwa karibu na Kitale, katika majengo yaliyokuwa shule ya watoto wa masetla. Kilifundisha njia iliyoelezwa na Mmarekani John Jeavons katika kitabu chake cha mwaka wa 1974, How to Grow More Vegetables: kuchimba tuta kwa kina cha kama sentimita 60, kulisha udongo kwa mboji, kupanda kwa kukaribiana, kuchanganya mimea ipatanayo, na kutumia mbegu ambazo mkulima aweza kujiwekea. Hivyo mji uliotoa mbegu ya kununuliwa kila mwaka ulitoa pia shule ya kuhifadhi mbegu. Hatusemi kwamba mojawapo iliifuta nyingine. Wakulima wengi hutumia zote mbili, chotara kondeni na mboji bustanini, na katika kufanya hivyo wanafanya lile ambalo neno shauri liliruhusu tangu mwanzo, yaani kupima na kuchagua.

Yafaa kuangalia istilahi zilizokua katika kazi hiyo. Mboji, samadi, kilimo hai na kilimo misitu ni maneno yaliyoenea kwa sababu yalitamkwa kondeni, mkono ukiwa umeshika udongo. Istilahi iliyozaliwa hivyo haihitaji kampeni ya kuieneza.

7. Karatasi ya Webuye

Hatuwezi kuifunga historia hii bila kuitaja karatasi yenyewe. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianzishwa Webuye, katika Bungoma, mwaka wa 1969, kwa ubia wa serikali ya Kenya, Shirika la Fedha la Kimataifa na kampuni ya Orient Paper Mills ya India. Kilianza kutoa karatasi mwaka wa 1974. Vitabu na daftari za watoto wa shule vilitegemea karatasi yake, na mji mzima ulitegemea mshahara wake. Wakati huo huo kilikula misitu iliyopandwa kwa ajili yake, na wakazi walilalamika kwa miaka mingi juu ya harufu yake na takataka zilizoingia mto Nzoia. Mwaka wa 2009 kilifungwa. Mwaka wa 2016 mali yake ilinunuliwa na kundi la kampuni la Rai.

Basi kitabu kilichomshauri msomaji atunze mto kiliweza kuwa kimechapwa kwa karatasi iliyouchafua mto huo. Jambo hili halikibatilishi kitabu, lakini latufundisha kwamba yale mafungu matatu, nafsi, ardhi na biashara, hayatenganiki hata pale waandishi wanapoyatenga. Mwana Kupona na msemaji wa kumuse walikuwa wamelijua hilo.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba shauri katika Kitale na Bungoma lilipitia hatua tatu: wasia wa mdomo uliounganisha maisha yote, amri ya kikoloni iliyoharibu imani ya msikilizaji, na kijitabu na mafunzo ya kondeni, ambayo yalirudisha imani hiyo pale yalipotoa sababu badala ya agizo. Kutokana na hayo twapendekeza mambo matatu.

Kwanza, vijitabu hivi vikusanywe. Karatasi yake ni duni, jalada lake ni jepesi, na nyumba nyingi zimevitumia kuwashia moto. Maktaba inayohifadhi riwaya na kuvitupa hivi inahifadhi nusu ya nathari yetu.

Pili, visomwe darasani pamoja na tenzi. Mwanafunzi aliyesoma Utendi wa Mwana Kupona, Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, Mabepari wa Venisi na kijitabu kimoja cha kuhifadhi udongo atakuwa amesoma juu ya nafsi, haki, mali na ardhi, na atakuwa ameona Kiswahili kikifanya kazi nne tofauti.

Tatu, wanafunzi wetu wafundishwe kuviandika. Mkulima wa Chwele ambaye kesho atatia sahihi mkataba wa miwa au wa mkopo wa mbegu anahitaji mtu wa kumwandikia, kwa Kiswahili kisicho na kiburi, nini anachokubali na nini anachokatwa. Idara ya lugha isiyoweza kumtoa mtu huyo haiwezi kudai kwamba inaitumikia lugha. Vijitabu vya zamani vilijaribu kazi hiyo kwa uwezo mdogo, wakati mwingine vikakosea. Sisi tuna uwezo zaidi wa kuifanya, na mkataba wa mkulima huyo haungojei.